Siku Nilipoifunga Mashine Mdomo

Haya, leo nacheka, lakini kwa wiki tatu nzima baada ya siku ile nilikuwa naenda dukani kwa njia ya nyuma, ile inayopita kando ya zizi la ng'ombe wa jirani, ili tu nisikutane na mwanamke yeyote wa kanisa letu pale Kinoo, kwa sababu kila mmoja akiniona alikuwa anatazama saa yake ya mkononi, ananiuliza kwa upole kabisa, "Kimani, saa hii ni saa ngapi?" halafu anaenda zake bila kungoja jibu. Hata wasiovaa saa walikuwa wanatazama mkono mtupu. Na siwezi kumlaumu mtu, niliyataka mwenyewe.

Wacha niwaeleze ilivyokuwa. Kazi yangu ya mshahara iko Westlands, ghorofa ya saba, ambapo nakaa kutwa nzima mbele ya kompyuta nikirekebisha mambo ambayo wenzangu wamebonyeza vibaya, lakini kazi ninayoipenda kwa moyo hainilipi hata kikombe cha chai. Tuko watu kama kumi, wengine wa hapa Nairobi na wengine wa mbali, tunaandika programu inayoitwa Zamu. Ni programu huria, maana yake kila mtu anaitumia bure, na vilevile kila mtu anaweza kufungua ukurasa wetu mtandaoni akasoma kila mstari tulioandika, nani aliuandika, lini, na alisema nini alipouandika. (Hayo ya mwisho niliyaona ni mazuri sana mpaka Jumamosi ninayowaambia.) Zamu inafanya jambo moja tu: kikundi chenye kazi za kupokezana, kama kusafisha au kupika, kinaweka majina na saa, nayo inamtumia kila mtu ujumbe kwenye simu kumkumbusha zamu yake.

Sasa, watu kumi wakiandika kitu kimoja, kila mmoja akiwa kwake, ni lazima mmoja ataharibu kazi ya mwingine bila kujua. Kwa hiyo tuna mashine, iko huko mtandaoni, na kila mtu akileta mabadiliko yake inayachukua, inaijenga programu yote upya kuanzia msingi, kisha inaijaribu kwa majaribio tuliyoandika sisi wenyewe. Yote yakipita inawasha kijani. Hata moja likikataa inawasha nyekundu, na chini ya nyekundu inaandika ni jaribio gani limekataa na kwa nini. Nyekundu ikiwaka, hakuna kitu kipya kinachoingia mpaka kosa lirekebishwe. Desturi yetu ni kwamba aliyeileta nyekundu anaandika kwenye kundi "nimeona, naangalia," anasoma maelezo ya mashine, anarekebisha, na hakuna anayemcheka, maana kesho itakuwa ni wewe.

Ila desturi nayo ilikuwa na kaupenyo, na kaupenyo ketu kalikuwa na jina. Kulikuwa na jaribio moja la zamani la kutuma ujumbe ambalo mtandao ukiwa mzito linakataa, ukilirudia linapita, bila mtu kugusa chochote. Lilikuwa linatusumbua mara nyingi mpaka tukaliita Mzee. Nyekundu ikiwaka mtu anaandika tu, "Mzee amekohoa," anabonyeza kitufe cha kurudia, anaenda kuchukua chai, akirudi Mzee amepona. Tulizoea hivyo kwa miezi mingi. Tulikuwa tumejifundisha, watu kumi wenye akili zetu, kwamba ukiona nyekundu unaenda kuchukua chai.

Sasa njooni kwa mama yangu. Mwezi ule ule mama alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Kabla yake alikuwa Mama Njoroge, ambaye alikikalia kile kiti miaka mingi sana, mpaka sisi tuliokulia pale tulidhani Mwenyekiti ndilo jina lake la ubatizo. Mama Njoroge aliendesha kila kitu kwa daftari moja la jalada jeusi na hakuna karamu iliyowahi kumshinda. Na shughuli ya kwanza ya mama haikuwa ya kujifunzia: ilikuwa ni kumpokea mchungaji mpya siku ya Jumamosi, yeye na mkewe na wazee wa makanisa ya jirani, wageni themanini hivi, chakula mezani saa saba kamili. Wiki nzima mama alikuwa hakai. Jumatano alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kuinua macho, "Baba, hii siku ikiharibika, watu hawatasema chakula kimeharibika. Watasema walikosea kunichagua." (Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Akiniita Kimani, ujue kuna maneno.)

Na ni mimi niliyemshawishi aachane na daftari atumie Zamu. Waulizeni watu wawaambie nilivyojigamba. Nilisimama mbele ya akina mama kumi na sita na simu mkononi nikiwaambia siku za kupigiana simu na kusahauliana zimekwisha, na kwa kweli waliijaribu kwenye usafi wa kanisa ikawafaa sana, kila mtu alikuja siku yake. Lalamiko lilikuwa moja tu. Ujumbe ulikuwa unaandika saa kwa tarakimu, 09:00, na mama akaniuliza, "Hii tisa ni tisa gani? Ukiandikia wamama tisa, nusu watakuja alasiri. Andika saa tatu, vile watu wanaongea." Nikamwambia, "Hiyo ni kitu ndogo, mum. Ijumaa utaipata."

Na kweli ilikuwa kitu kidogo. Ukitaka kugeuza tisa ya kizungu iwe saa tatu ya kwetu unatoa sita, basi, hata mtoto wa darasa la pili anaweza. Nikaandika mistari yangu michache, ikatoa sita, nikajipongeza. Jambo nisilolijua ni kwamba Achieng, mwenzetu anayekaa Dagoretti Corner, ambaye ndiye mwenye ruhusa ya kuingiza kazi ya kila mtu kwenye programu, alikuwa ameshafanya kazi ile ile wiki iliyotangulia, mahali pengine kwenye programu, pale ujumbe unapotumwa. Yake pia ilikuwa inatoa sita. Na hakuificha, aliandika kwenye kundi maelezo marefu, yako pale mpaka leo, na chini yake kuna alama ya kidole gumba kutoka kwangu. Niliweka kidole gumba bila kusoma.

Kwa hiyo fanyeni hesabu. Mimi natoa sita, Achieng anatoa sita, jumla kumi na mbili, saa inazunguka uso mzima na kurudi pale pale ilipotoka: tisa. Tofauti ni kwamba sasa ilikuwa imeandikwa kwa maneno, saa tisa, kwa Kiswahili safi ambacho hakuna mtu Kinoo anayeweza kukielewa vingine isipokuwa alasiri.

Mashine iliona. Nataka niseme hilo wazi kwa heshima ya mashine. Ijumaa saa kumi na nusu, niko ofisini Westlands, nikaipeleka kazi yangu, nikangoja, ikawaka nyekundu. Nikatazama haraka, nikaona jina la jaribio linaanza na neno "ujumbe", na la Mzee pia linaanza na "ujumbe", nikaridhika. Nikaandika kwenye kundi, "Mzee amekohoa," nikabonyeza kurudia, nikaenda kuchukua chai. Nikarudi, nyekundu. Nikabonyeza tena. Nyekundu. Huku wenzangu wanafunga madroo na kuvaa makoti, wingu limetanda upande wa Kangemi, na kila mtu anajua Waiyaki Way ikinyeshewa Ijumaa jioni unaweza kuzeeka humo, na simu inalia, mama.

"Baba, hiyo kitu ya saa imefika wapi?"

"Imefika, mum. Imebaki kupigwa muhuri tu."

"Message zitaenda leo?"

"Leo leo."

Nikabonyeza mara ya tatu. Nyekundu. Pale kando ya nyekundu kuna mshale mdogo, ukiubonyeza maelezo yanafunguka, mistari mitatu au minne, unasoma kwa muda wa kupiga chafya. Sikuubonyeza. Nilikuwa na hasira na Mzee, nikaona ananichezea, na nikafanya uamuzi ambao wakati ule niliuona wa kiume kabisa: nikafungua faili la majaribio ya ujumbe nikaiambia mashine iyaruke yote. Yote, si Mzee peke yake. Na kwa kuwa lazima uandike sababu ya kila unachobadilisha, nikaandika, na hapa nanukuu maana nimeyakariri: "Jaribio la Mzee linasumbua bure. Nimelinyamazisha. Mashine ipunguze kelele, watu tuna kazi."

Ikawaka kijani mara moja. Mashine iliyofungwa mdomo haina la kusema.

Ikabaki Achieng aingize. Alikuwa kwa msusi pale Dagoretti Corner, kichwa kimeshikwa, simu iko mkono mmoja. Nikampigia.

"Niaje Achieng, si unipitishie hiyo kitu yangu, ni Mzee tu alikuwa anasumbua."

"Mara ngapi?"

"Tatu, nne hivi."

"Nne ni mingi. Umesoma log?"

Log ndiyo yale maelezo ya chini ya mshale. Na mimi, mtoto wa mwenyekiti, niliyelelewa na Shule ya Jumapili, nikamjibu bila hata kumeza mate: "Nimesoma."

"Sawa basi. Nakuamini." Akabonyeza. Saa moja jioni ujumbe ukawafikia akina mama kumi na sita, mmoja mmoja, kwa majina yao. (Mama hakutumiwa kwa sababu mwenyekiti hana zamu, yeye ni zamu zote.) Nilifika nyumbani nimelowa, nikala githeri sahani mbili, nikalala kama mtu mwema.

Jumamosi mama aliondoka saa moja asubuhi. Mimi nilifika kanisani saa nne, nimevaa koti la harusi ya kaka yangu, laptopu begani na projekta mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeomba (ndiyo, niliomba mwenyewe) dakika tano za kuwaonyesha wageni jinsi akina mama wetu walivyoendelea. Nilikuwa nimemwalika Achieng pia, aje ale na aone kazi yetu ikifanya kazi mbele ya watu. Tulikutana langoni. Nywele zake zilikuwa zimependeza, na tukiingia akaniuliza, "Mbona hakuna moshi?"

Nikatazama upande wa jiko la nje. Sufuria tatu kubwa zimepangwa juu ya mafiga, tupu. Magunia mawili ya viazi yamesimama. Na kati ya yale magunia mama yangu ameketi kwenye kigoda, kitambaa cha uenyekiti kichwani, anamenya viazi kwa kasi ya mtu anayekimbizwa. Kando yake alikuwa Mama Njoroge. Yeye hakuwa kwenye zamu yoyote, alikuja saa tatu kwa sababu maisha yake yote amekuja saa tatu, na alikuwa anamenya pole pole.

"Mum, wengine wako wapi?"

Mama hakuinua macho. "Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kukuuliza wewe."

Alikuwa ameshampigia mmoja wao, simu haikupokelewa. Nikampigia mwingine, Mama Shiru, wa nyama. Akapokea kwa furaha, nyuma yake nasikia kuku. "Kimani, usijali, niko ready, hiyo saa tisa utanipata hapo hata kabla." Nikamuuliza saa tisa ya nini. "Si simu imesema saa tisa? Tuliongea na wenzangu jana, tukasema labda mchungaji amesukumwa mbele. Kwani iko shida?" Mmoja alikuwa sokoni Wangige, mwingine ameanika nguo, mwingine alikuwa ameenda kumwona dadake Limuru na angerudi, aliniambia kwa fahari, saa nane unusu, mapema. Kumi na sita, wote wametii programu yangu.

Na hapo hapo nikasikia nyimbo. Wageni walikuwa langoni, wamefika saa nne na nusu, wanaimba, mchungaji mpya mbele anatabasamu, mkewe amevaa kofia ya kijani, na nyuma yao msururu wa wazee wamevaa tai. Mama akafuta mikono kwenye leso akaenda kuwapokea. Niliona jinsi alivyonyoosha mgongo kabla ya kufika kwao, na nawaambia ukweli, iliniuma kuliko yote yaliyofuata.

Wakaingizwa ukumbini. Hakuna chai. Unajua ukumbi wa kanisa usio na chai unavyokuwa, watu wanakohoa na kusifu mapazia. Mwishowe mchungaji mwenyewe akauliza kwa upole kama kuna jambo wangeweza kusaidia, na macho yote yakamgeukia mama, na mama akafungua mdomo, na mimi nikaona nimwokoe. Nikanyakua kipaza sauti.

"Wageni wetu watukufu," nikasema, "lililotokea si kosa la mwenyekiti wala la akina mama. Ni mashine. Hizi mashine ziko ng'ambo, na wakati mwingine saa za huku kwetu zinazichanganya."

Ukumbi ukapumua. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema, "Mambo ya mashine za wazungu," na mwingine akaongeza kwamba hata benki zinasumbuliwa na hilo, na mama akashusha mabega kidogo. Ningekaa chini hapo, mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa nimempa Achieng laptopu aanze kutafuta tatizo liko wapi, na laptopu ilikuwa imeshaunganishwa na projekta kwa ajili ya zile dakika zangu tano, na projekta ilikuwa inaelekea ukuta mweupe ulio nyuma ya kichwa changu.

Niliona nyuso za watu zinahama kutoka kwangu kwenda juu. Nikageuka. Ukuta mzima, upana wa shuka la kitanda kikubwa: picha yangu, jina langu, Ijumaa jioni, alama nne nyekundu zimejipanga, na chini yake sentensi yangu. Mama Njoroge, ambaye alikuwa ameingia na kisu bado mkononi, akavaa miwani. Akaisoma kwa sauti, pole pole, kama anavyosoma somo la kwanza Jumapili.

"Kimani. Jaribio la Mzee linasumbua bure. Nimelinyamazisha. Mashine ipunguze kelele. Watu tuna kazi."

Kisha mzee mmoja wa makanisa ya jirani, wa mbele kabisa, akainuka nusu. "Samahani. Ni mzee gani huyo amenyamazishwa?"

Nikamweleza kwamba Mzee si mtu, ni jaribio. Akaketi, lakini hakuonekana kuridhika.

"Kimani," mama akasema. Mmesikia jina. "Hizo nyekundu ni nini?"

"Ni mashine ikisema kuna makosa."

"Ilikuambia mara ngapi?"

"Nne."

"Na ukasoma vile ilisema?"

Nikatazama kipaza sauti. Achieng alikuwa ananitazama kutoka kwenye meza, hakuwa na hasira, ndiyo mbaya zaidi. "Uliniambia umesoma," akasema. Hakuwa na kipaza sauti lakini ukumbi wote ulisikia.

"Basi fungua tusome," mama akasema. "Sisi wote tuko hapa."

Nikaenda kwenye meza, nikabonyeza ule mshale kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Sasa lazima niwaambie kwamba Achieng ana tabia yake: majaribio yake huyaandika kwa Kiswahili, anasema programu ya watu wa kawaida inafaa ikikosea ikosee kwa lugha ya watu wa kawaida. Na jaribio lililokataa halikuwa Mzee hata kidogo, lilikuwa la kwake. Ukutani yakatokea maneno haya, kwa herufi kubwa kama za bango la duka:

"Zamu ni 09:00 asubuhi. Nilitarajia: saa tatu. Nimepata: saa tisa."

Ukumbi wote ukasema "Aaaaah!" kwa pamoja, wazee, kwaya, mke wa mchungaji, wote, sauti ya watu waliofumbuliwa kitendawili. "Si imesema wazi!" mama mmoja wa kwaya akapiga kelele. Na mama yangu, ambaye nikimwekea chaji simu lazima nimwekee pia alama ya kuonyesha waya unaingia upande gani, akausoma ukuta mara mbili, akanigeukia, akasema kwa mshangao wa kweli, "Lakini hii hata mimi ningejua."

Nilitamani sakafu ifunguke. Haikufunguka, ni ya zege, tuliichangia wenyewe.

Nikarudisha kipaza sauti mdomoni kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikasema haikuwa mashine, ilikuwa mimi, mashine iliniambia mara nne nikaifunga mdomo, na Achieng aliniuliza nikamdanganya, na mama yangu alifanya kila kitu sawasawa na akina mama wote walitii walichoambiwa, na naomba radhi. Nikaketi.

Wa kwanza kuinuka alikuwa mke wa mchungaji. Aliivua ile kofia yake ya kijani, akaiweka juu ya kiti, akasema, "Visu viko wapi?"

Mama akaruka. "Aii, hapana, nyinyi ni wageni!"

"Mwenyekiti, sisi tumekuja kuishi na nyinyi. Tutaanza lini?" Na akatoka. Mchungaji akavua koti akamfuata, na wazee nao, ungewafanya nini, wakakunja mashati, akiwemo yule aliyeuliza kuhusu Mzee, ambaye nilipewa nikae naye kwenye gunia moja la viazi, na ambaye alitumia saa nzima kunieleza umuhimu wa kuwasikiliza wakubwa. Kwaya wakaimba wakichochea moto. Akina mama wa zamu wakaanza kumiminika mmoja mmoja kwa pikipiki, wanakuta mchungaji wao mpya anatokwa na machozi ya vitunguu, wanashika vichwa, wanacheka, wanaingia kazini.

Mimi nilimenya viazi mpaka gunia likalegea, kisha Achieng akaniita pembeni, akaiweka laptopu juu ya debe, tukairekebisha pamoja. Niliondoa kutoa-sita kwangu. Nikayarudisha majaribio yote. Akaniambia niandike sababu, na safari hii nikaandika: "Sikusoma, nikasema nimesoma. Kosa ni langu." Tukangoja, na kwa vile habari zilikuwa zimeenea, akina mama sita walikuja na miiko yao wakasimama nyuma yetu kungoja pia. Ilipowaka kijani walipiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka Kikuyu. Achieng alicheka hadi akashika kichwa chake kilichosukwa upya, na nikajua amenisamehe, ingawa aliniambia, "Kuanzia sasa kila kitu utaleta, mimi nasoma log mwenyewe. Hadi uzeeke."

Chakula kilifika mezani saa tisa. Saa tisa kamili, mtu fulani aliangalia, na ukumbi mzima ukanigeukia. Mchele ulikuwa umeshika kidogo chini na kachumbari ilikatwa na mchungaji kwa vipande vya ukubwa wa dirisha, na sijawahi kuona watu wakila kwa kelele na furaha namna ile, maana kila mtu alikuwa anatafuta kiazi alichomenya yeye.

Wakati wa shukrani Mama Njoroge alisimama. Mama akaacha kutafuna. Mimi pia. Mama Njoroge akatazama watu pole pole, akasema, "Mimi nimewapikia wageni kwenye ukumbi huu miaka mingi. Walikuja, wakala, wakaenda. Sikuwahi kupata wageni wakapika." Kisha akafungua mkoba wake, akatoa lile daftari la jalada jeusi, akalipeleka mpaka mbele ya mama akaliweka kando ya sahani yake. "Hili ni la akiba, Mwenyekiti, siku kijana akiwa na haraka."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kumsikia akimwita mtu mwingine Mwenyekiti. Mama alishika daftari kwa mikono miwili na kulia kidogo, na akanipiga kofi la begani nilipotaka kumpa kitambaa.

Basi mimi nimeapa, na mko mashahidi: sitabonyeza kurudia kabla ya kusoma, na sitasema nimesoma kitu ambacho sijasoma, iwe ni kwa Achieng, iwe ni kwa nani. Mzee tulimtibu wiki ile ile, ilichukua dakika arobaini, tulikuwa tumemvumilia miezi kwa sababu ya uvivu tu. Ila mama kiapo hakimtoshi. Kabla ya kila shughuli lazima nikae naye jikoni nimsomee kwa sauti kila kitu ilichoandika mashine, hata ikiwa kijani, jaribio moja moja, limepita, limepita, limepita, yeye anachambua mchele anaitikia, "Endelea." Mara ya mwisho nilikuta Mama Njoroge naye amevuta kigoda, na Mama Shiru yuko mlangoni na kikombe chake. Nikawasomea wote watatu mpaka mstari wa mwisho, na nilipomaliza Mama Njoroge akaniambia nirudie pale katikati, hakusikia vizuri.